Baba alipona mshipa mkuu wa tumboni: jibu kwa mwenye mzee wa sentimita 4.3

Ndugu uliyeuliza, pole kwa hofu. Umesema mzee wako alikwenda kupima figo, altrasaundi ikaonyesha mshipa mkuu wa damu tumboni umetanuka hadi sentimita 4.3, daktari akamwambia arudi baada ya miezi 6, na sasa nyumbani mnajiuliza kama ametelekezwa. Nimepitia jambo hili na baba yangu, ila sisi hatukupewa miezi 6. Tulipewa usiku mmoja.

Baba alikuwa na miaka 68, na sigara alikuwa ameiacha miaka 10 nyuma baada ya kuivuta tangu ujana. Akishakula alipenda kujilaza chali na kuweka redio yake ndogo juu ya tumbo. Mara kadhaa niliiona ile redio ikidunda, juu kidogo ya kitovu, kwa kufuata mapigo ya moyo. Nikajiambia ni kwa sababu mzee amekonda. Hilo linaniuma mpaka leo, maana ugonjwa huu kwa kawaida hauna maumivu wala dalili, na sisi dalili tuliwekewa mbele ya macho.

Siku mgongo ulipomkamata, kituo cha kwanza walisema ni mawe kwenye figo, wakamchoma sindano ya maumivu, tukarudi nyumbani. Saa tatu usiku akainuka kwenda msalani akaanguka. Jasho jembamba, mikono ya baridi. Hospitali ya pili mpimaji aliweka kifaa tumboni, akanyamaza, akapima tena, kisha akatoka mbio kumwita daktari. Mshipa ambao kwa kawaida una upana wa kama sentimita 2 ulikuwa umefika 7.1, na ulishaanza kuvuja. Wengi ukiwapasuka hawafiki hospitali kabisa. Baba damu ilivujia upande wa mgongoni, nyama za huko zikaibana kwa muda, ndiyo akapata saa chache.

Walimpasua tumbo, wakaubana mshipa juu ya uvimbe, wakashonea bomba la kitambaa ndani yake. Ni kitambaa kweli, cha poliesta. Baadaye nilisoma habari za Michael DeBakey, daktari wa Houston ambaye miaka ya 1950 alishona mabomba ya namna hiyo kwa cherehani. Mwisho wa mwaka 2005, akiwa na miaka 97, aota yake mwenyewe, yaani huo mshipa mkuu wa damu, ilichanika, na mwaka 2006 akaokolewa kwa upasuaji wa aina aliyoianzisha. Baba pia aliongezewa uniti 9 za damu. Watu 9 nisiowajua walikaa kwenye kiti wakanyoosha mkono, na kwa ajili yao nami sasa nachangia damu kila ninaporuhusiwa.

Asubuhi nilimkuta chumba cha wagonjwa mahututi, mipira kila mahali, na juu ya miguu yake yote miwili kumechorwa alama ya msalaba kwa kalamu. Niliogopa. Nesi akanieleza kwamba hapo ndipo mapigo ya mguu yanaposikika, na yakiwepo maana yake damu inapita vizuri kwenye bomba jipya. Kila saa alikuja, akagusa alama kwa vidole viwili, akatulia, akaandika. Mara moja aliushika mkono wangu akaviweka vidole vyangu pale. Kilikuwa kitu kidogo mno, kinagonga taratibu chini ya ngozi. Nililia mbele yake, na sioni aibu kusema. Mungu ambariki yule dada.

Sasa kuhusu mzee wako. Kusubiri si kutelekezwa. Upasuaji huu nao una hatari yake, na utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 1998 ulionyesha kwamba kuwapasua mapema wenye mishipa midogo hakukuwaongezea maisha. Ndiyo maana kwa wanaume madaktari wengi hungoja mpaka sentimita 5.5, kwa wanawake karibu 5, au mshipa ukionekana unakua haraka. Kuna pia njia ya kupitisha bomba kutokea kwenye kinena bila kupasua tumbo; muulizeni daktari bingwa wa mishipa kama mshipa wake unafaa, na mjue kwamba wa njia hiyo lazima aendelee kupigwa picha miaka yote. Kwa sasa kazi yenu ni kuilinda ile tarehe ya kurudi, presha ishuke, na kama bado anavuta sigara aache, kwa sababu sigara huufanya uvimbe ukue haraka zaidi. Akipata maumivu ya ghafla ya tumbo au mgongo, au akazimia, msipitie kituo kidogo. Nendeni penye upasuaji, na neno la kwanza mlangoni liwe: ana mshipa mkuu uliovimba.

Halafu ulizia ndugu zake. Ugonjwa huu hutembea kwenye familia, na altrasaundi ya tumbo ni dakika chache, haiumi. Baba alipotoka hospitali nilimpeleka mdogo wake, mwenye miaka 66, mvutaji, asiyelalamika chochote. Alikwenda kwa kunikubalia tu. Ikatoka 3.6.

Sigara ameacha. Anarudi kupimwa mwezi ujao, na baba amesema ndiye atakayemsindikiza.