Swali la lugha: «Nta hii ina athari kwa mazingira»

Msomaji wetu wa Tanga, anayefanya kazi kwenye ghala la malighafi za viatu vya plastiki, ameuliza hivi: «Tunapokea mapipa ya nta ya parafini iliyotiwa klorini, nami nimeagizwa kuandika tangazo la tahadhari la kubandika ukutani. Mkuu wangu anataka niandike "Nta hii ina athari kwa mazingira". Mimi naona neno sahihi ni "madhara". Nani kati yetu amepatia?»

Wewe ndiye uliye karibu zaidi na ukweli, ndugu yangu, lakini hata sentensi yako haijafika, na sentensi ya mkuu wako haifai kubandikwa ukutani hata siku moja. Neno «athari» limenisumbua kwa miaka mingi, nami sitaliacha lipite. Kwa Kiarabu, lilikotoka, ni alama au nyayo iliyobaki baada ya kitu kupita. Kwa Kiswahili ni matokeo ya jambo lolote, jema au baya. Sasa chukua sentensi hiyo hiyo, uondoe nta na uweke mvua: «Mvua ina athari kwa mazingira.» Ni kweli tupu. Weka samadi: «Samadi ina athari kwa mazingira.» Ni kweli pia, na mkulima atashukuru. Weka mbuzi, weka upepo wa kusi, weka maji ya kunywa, na kila mara sentensi itabaki kweli. Tahadhari inayobaki kweli hata ukibadilisha kilichomo ndani ya pipa haimtahadharishi mtu yeyote, na kuli anayeliviringisha pipa hilo kwa mikono mitupu ataisoma na kuendelea na kazi yake akiwa hajajua lolote jipya.

Ubaya wa neno hili ni kwamba limegeuzwa kuwa kifuniko. Mto ukichafuka tunaandika «umeathirika», ukikauka «umeathirika», samaki wakielea wafu «umeathirika». Msomaji ana haki ya kuambiwa kilichotokea, na Kiswahili kina vitenzi vya kutosha vya kumwambia.

Kwa nta yako jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu wataalamu wanaoichunguza bidhaa ya namna hii huuliza maswali matatu yaliyo mbalimbali, nalo «athari», sawa na «madhara» yako, linayameza yote kwa mkupuo: Je, hudumu? Je, hujilimbikiza katika miili ya viumbe? Je, ni sumu? Wala neno «nta» peke yake halitoi jibu. Nta ya nyuki ni nta; nta ya parafini ya mishumaa ni nta, na bakteria wa udongoni huila wakaimaliza; hiyo ya kwako nayo huuzwa kwa jina la nta ingawa mara nyingi ni mafuta mazito ya rangi ya manjano. Klorini iliyotiwa humo ndiyo inayoifanya iwe ngumu kuvunjwavunjwa. Neno «parafini» lenyewe lilibuniwa na mkemia Mjerumani Karl von Reichenbach mwaka 1830 kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kitu kisichopenda kuungana na vingine. Ukiwa na wasomaji wa Kenya usiliache neno hilo peke yake, maana wengi wao watadhani unasema mafuta ya taa.

Swali la kwanza, basi, andika «hudumu». Wapo wanaopenda «sugu», nami sitagombana nao, kwa kuwa tatizo sugu ni tatizo lisiloondoka. Ila kwa masikio yangu «sugu» huleta kwanza picha ya kiganja cha mpiga jembe au kijidudu kinachoshinda dawa. «Hudumu» husema muda, na muda ndio unaopimwa: Mkataba wa Stockholm, yaani makubaliano ya kimataifa kuhusu kemikali sumu zinazodumu, hutazama kama kiasi cha kemikali huchukua zaidi ya miezi 2 kupungua hadi nusu majini, au zaidi ya miezi 6 udongoni na kwenye matope ya chini ya maji.

Swali la pili lina neno ninalolipenda kuliko yote. Kisima kikikaribia kukauka, mchotaji huketi kando na ndoo yake akilimbika maji, yaani akiyaacha yajikusanye tone kwa tone hadi yachoteke. Kutoka hapo tumepata malimbikizo ya mishahara, ambayo kila mwalimu anayafahamu. Samaki naye hupokea kemikali hii kidogo kidogo na kuitoa polepole kuliko anavyoipokea, ikabaki kwenye mafuta ya mwili. Nta hii ina aina mbalimbali kulingana na urefu wa minyororo ya atomi za kaboni iliyomo, na aina yenye minyororo mifupi imepimwa ndani ya samaki ikakutwa zaidi ya mara 7,000 ya kiasi kilichokuwamo katika maji anamoogelea. Andika «hujilimbikiza», wala usiandike «hujilimbikizia». Irabu hiyo moja ya ziada hutupeleka kwa mtu anayejilimbikizia mali, na samaki hajajitafutia chochote.

La tatu ni «sumu», nalo lazima liseme sumu kwa nani. Kwa aina hiyo ya minyororo mifupi, majaribio ya siku 21 kwa dafnia, vidudu vidogo vya majini, yalionyesha kwamba usalama wao uliishia kwenye miligramu 0.005 kwa lita moja ya maji. Aina hiyo ndiyo iliyoingizwa katika orodha ya kemikali za kukomeshwa chini ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2017, na ile ya minyororo ya kati ikafuata mwaka 2025. Kwa hiyo, kabla hujashika kalamu, mwombe mkuu wako karatasi ya taarifa za usalama iliyokuja na mzigo, ujue mapipa yenu ni ya aina gani. Ikiwa ni moja kati ya hizo mbili, bandika hivi:

«TAHADHARI. Nta ya parafini iliyotiwa klorini. Hudumu muda mrefu katika maji na udongo bila kuoza. Hujilimbikiza katika mwili wa samaki na wa mtu amlaye. Ni sumu kali kwa viumbe wa majini. Vaa glavu. Usiimwage mtaroni. Pipa tupu lisiuzwe wala lisitumike kuwekea maji.»

Sentensi hiyo ya mwisho iandike kwa herufi kubwa kuliko zote, kwa sababu mapipa hayo yakishatoka getini huishia uani kwa watu, chini ya mfereji wa bati, yakikinga maji ya mvua.