UPS Kubwa Haizuii Radi

SWALI: Hujambo mhandisi. Mimi ni karani wa hesabu katika chama cha akiba na mikopo huku Luanda, Vihiga. Tangu mvua ya masika ianze, radi imetuharibia kompyuta mbili, ruta na swichi ya mtandao. Kila kompyuta ina UPS yake ya 650VA, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta stima ikipotea, na ajabu ni kwamba UPS zote ziko sawa. Hata kompyuta moja kati ya hizo mbili inawaka vizuri, ila haioni mtandao tena. Intaneti tunaipata kwa antena iliyo juu ya paa, na kuna kebo nyingine inayovuka ua hadi stoo, ambako afisa wa mikopo ana meza yake. Fundi wetu anasema UPS zetu ni ndogo, tununue moja ya 3kVA ya ofisi nzima. Pia anatuuzia kizuia radi cha kuchomeka ukutani, chenye garantii ya miaka kumi. Kamati inakaa wiki ijayo. Tununue?

JIBU: Sijambo, dada. Kizuia radi msinunue kabisa. UPS ya 3kVA isubiri kwanza.

Jibu la shida yenu umeliandika mwenyewe: UPS zimepona, kompyuta imepoteza mtandao. Mshtuko ungepitia kwenye stima, UPS ndiyo ingeumia kwanza kwa sababu imekaa kati ya ukuta na kompyuta. Haikuumia. Kilichokufa ni tundu la kebo ya mtandao, ruta na swichi, yaani vitu vyote vilivyoshikana na kebo ya antena na ile inayovuka ua. Radi iliingia kwa kebo ya mtandao. Mngekuwa na UPS yenye ukubwa wa friji, ingekaa pale na taa yake ya kijani huku kompyuta zikiungulia mgongoni pake.

Swali hili linanifikia kila msimu wa mvua, kuanzia Busia hadi Kericho, na karibu kila mara nyuma yake kuna fundi aliyetaja VA. VA ni kipimo cha mzigo. UPS ya 650VA hubeba wati 360 hadi 390 hivi. Ya 3kVA hubeba zaidi, na ikiwa na betri za kutosha itakuwashia kwa muda mrefu zaidi. Basi. Hakuna mahali popote katika hesabu hiyo panapoulizwa radi inafanya nini. Wastani wa radi moja ni kama ampea 30,000. Mtu anayekwambia kwamba tofauti kati ya 650 na 3,000 ndiyo itakayosimama mbele ya kitu hicho anauza mashine, hajajibu swali.

Katika UPS nyingi za bei ya ofisi ndogo, stima ya ukutani hupita moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, na betri huamka tu stima inapopotea. Kinga iliyomo dhidi ya mshtuko wa volti ni varista, kidude chembamba cha rangi ya buluu au njano kilichofungwa kwenye bodi. Kazi yake ni kuubana mshtuko na kuusukuma pembeni, sehemu kubwa ikienda kwenye waya wa ardhi, ule unaoupeleka umeme uliozidi udongoni. Varista huchoka. Kila mshtuko unaila kidogo, hadi siku moja inabaki pambo tu, na taa ya mbele bado ni ya kijani kwa sababu taa hiyo inahusu betri na stima, varista haiihusu.

Sasa tuje kwenye waya wa ardhi wenyewe, maana hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Ofisi nyingi za kupanga katika miji yetu zina soketi za matundu matatu, na watu wakiyaona matundu matatu wanaridhika. Ukifungua soketi unakuta waya wa kijani na njano umekatwa, au umeunganishwa na soketi ya pili, ya pili na ya tatu, halafu ya tatu haina lolote. Nyingine zinafika hadi kwenye boksi ya mita na kuishia hapo, kwa sababu kijiti cha shaba kilichokuwa ardhini nje kilishang'olewa na wauza vyuma chakavu. Na ndani ya ofisi kila mtu anajua kuchomeka plagi ya pini mbili kwa kulisukuma tundu la juu na kalamu ya biro. Tundu hilo ndilo la ardhi. Ekstensheni za bei rahisi hukamilisha kazi: zina pini tatu nje, na ndani zina nyaya mbili.

Kwenu Vihiga kuna jambo la ziada. Mmekaa juu ya mawe. Yale mawe makubwa ya matale mnayoyaona vilimani Maragoli yako chini ya udongo pia, na jiwe halipitishi umeme vizuri. Kijiti kimoja cha futi nne kilichogota jiwe na kupindwa ili kionekane kimeingia chote ni kazi bure. Penye udongo mweusi wa Kano kazi ni rahisi zaidi wakati wa mvua, ingawa kiangazi udongo ule hupasuka na kuachana na kijiti. Penye mawe hutakiwa vijiti kadhaa vilivyounganishwa, au waya wa shaba uliolazwa ndani ya mtaro mrefu. Kisha hupimwa kwa mashine ya kupima ardhi, na mafundi makini hutafuta chini ya omu 10 (omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme). Anayekupimia ardhi kwa bisibisi ya tasta hajapima kitu. Kumwaga chumvi na makaa shimoni husaidia kwa muda, lakini mvua huiosha chumvi, na inayobaki inakula shaba.

Turudi kwenye kebo ya ua, kwa sababu nadhani ndiyo mkosaji wenu mkubwa. Radi si lazima ipige paa lenu. Ikipiga mti au mlingoti wa jirani, volti ya udongo wa eneo lile hupanda kwa ghafla, na haipandi sawa kila mahali. Chini ya ofisi panaweza kuwa na maelfu ya volti zaidi kuliko chini ya stoo. Ninyi mmeviunganisha viwili hivyo kwa waya wa shaba, ambao mwisho wake huku ni ruta na kule ni kompyuta ya afisa wa mikopo. Tofauti hiyo ya volti inasafiri wapi? Juu ya hapo, waya mrefu ulioning'inia hewani huvuta mshtuko hata kama radi imepiga mbali kidogo, bila kuguswa.

Dawa yake ina miaka mingi na haina ajabu: kati ya jengo na jengo, tumieni faiba. Ni kioo, haina shaba ya kupitisha mshtuko. Nunueni ile isiyo na waya wa chuma ndani wala nje, maana kuna faiba za kuning'iniza kwenye nguzo ambazo zimetiwa waya wa kuzishikilia, na ukizitumia umemrudisha mgeni nyumbani. Kila upande weka kigeuzi kidogo cha faiba kwenda kebo ya kawaida. Bei ya vigeuzi viwili na kebo ya kuvuka ua mmoja ni ndogo kuliko ya hiyo UPS mnayoambiwa mnunue. Kwa antena, mlingoti ufungwe kwenye ardhi kwa waya mnene, njia fupi na iliyonyooka, bila kuuzungusha mikunjo. Kebo inayoshuka iwekewe kinga ya mshtuko wa mtandao pale inapoingia ukutani, nayo kinga hiyo ifungwe kwenye ardhi ileile ya jengo. Narudia, ardhi ileile. Fundi anayechimba shimo jingine la ardhi kwa ajili ya antena peke yake, lisilounganishwa na la jengo, ametengeneza upya ugonjwa wa ua na stoo, safari hii ndani ya ofisi.

Kuna watu watakwambia muweke kijiti cha radi juu ya paa yaishe. Kijiti hicho ni kizuri, kinalinda jengo lisipasuke wala kuungua. Hakilindi kompyuta. Kikifanya kazi yake vizuri kinashusha mkondo wote ule kando ya ukuta ambao nyuma yake kebo zenu zimelala.

Na si kila kinachoungua wakati wa mvua kimeunguzwa na radi. Upepo ukikata waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, kwenye laini ya fezi tatu, maduka yaliyokuwa yakipata volti 240 yanaweza kuanza kupata volti zinazokaribia 415. Dalili yake ni kwamba taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kiasi na za jirani zinafifia. Ukiona hivyo, zima swichi kuu usimsubiri mtu. Kisha kuna stima inaporudi baada ya kupotea, na sababu za kupotea Kenya hazina mwisho: Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma pale kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani. Inaporudi, volti huyumba kwa muda. Kwa haya mawili kuna kifaa kinachosaidia kweli, kile kinachopima volti na kukata stima ikizidi au kupungua, kisha kusubiri dakika chache kabla ya kuirudisha. Hicho nunueni, dukani panapoeleweka na kwa risiti.

Hicho kizuia radi cha fundi wenu ni kitu kingine. Nimefungua vya aina hiyo, pamoja na ndugu zake wanaouzwa kama vipunguza bili ya stima. Ndani kuna kapasita ndogo, taa, na nafasi tupu. Vingine pini yake ya ardhi ni ya plastiki! Muulizeni mshtuko atautupa wapi kwa plastiki. Garantii ya miaka kumi ni rahisi kuitoa kwa kitu ambacho hakuna awezaye kuthibitisha kwamba hakikufanya kazi. Kompyuta ikiungua utaambiwa bila hicho kifaa na ofisi nzima ingeungua.

Kinachonisumbua zaidi ni namna kamati zinavyofanya maamuzi haya. Kisanduku kinaonekana, kinaingia kwenye orodha ya mali, mwenyekiti anaweza kukionyesha kwenye mkutano mkuu. Shimo la ardhi halionekani, kwa hiyo halipati bajeti. Kuna ofisi zenye UPS kila meza, na nusu yake betri zimefura. Betri za aina ile hudumu miaka mitatu hadi mitano kwenye joto la nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinapoongezeka umri hupungua karibu nusu. Chumba cha Kisumu chenye madirisha yaliyofungwa kinakufanyia hesabu chenyewe. Halafu mtu amechomeka printa ya leza kwenye UPS hiyo, na printa ikipasha moto roli lake inavuta wati kuzidi uwezo wa UPS nzima. UPS inapiga kelele, wanaita fundi, fundi anasema ni ndogo. Biashara inaendelea.

Shule na zahanati ndizo zinazoumia zaidi, maana hupewa vifaa na wafadhili vikiwa na kila kitu isipokuwa uchunguzi wa nyaya za jengo vinapowekwa. Tafadhalini, kabla ya kupokea kompyuta ishirini, mtu apime ardhi.

Kwa mkutano wa wiki ijayo, pelekeni maombi matatu. Fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, aonyeshe kadi yake na daraja lake, aje na mashine ya kupima ardhi na awaachie vipimo kwa maandishi. Faiba ya ua na vigeuzi viwili. Kinga ya kebo ya antena. Wakati mnasubiri, mawingu yakianza kujikusanya upande wa Nandi mchana, chomoeni plagi na kebo za mtandao kabla ngurumo hazijafika, si zikiwa juu ya paa, kwa sababu wakati huo ni hatari kwa anayechomoa. Kuzima swichi ya ukutani pekee hakutoshi: swichi huacha mwanya wa milimita chache tu, na radi imeshavuka kilomita kadhaa za hewa kufika hapo. Nakala za vitabu vya wanachama ziwe kwenye diski isiyochomekwa popote, tena nje ya jengo hilo.

Na kama UPS ya 3kVA ilishalipiwa, iwekeeni ruta, swichi na kompyuta inayotunza hesabu. Printa ibaki ukutani.