Barua kwa mwanangu: methali ya kivuli

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika, mama yako anakusalimu. Umeuliza kama methali ya Kiayalandi "Ar scáth a chéile a mhaireann na daoine", watu huishi katika kivuli cha wenzao, ndiyo "Umoja ni nguvu" yetu, upate kuiandika kwenye kadi ya harusi ya jirani yako wa huko Connemara, magharibi ya Ayalandi.

Kadi ingoje kwanza. Tangu ukiwa darasa la nne nakwambia: methali usiitafutie pacha, itafutie kazi iliyoizaa. Padri wa Kerry, kusini ya hukohuko Ayalandi, aliyembatiza mama yako aliulizwa hilohilo, hakujibu neno. Alitoka nje, akarudi na kuni sita, tano akazisimamisha sakafuni zimeegemeana, ya sita akailaza juu. Ndivyo kwao wanavyokausha udongo mweusi wa kinamasi, ambao ndio kuni zao. Hukatwa mwezi wa nne na wa tano kwa sleán, beleshi jembamba lenye bawa ubavuni. Kila pande hutoka kama tofali refu linalochuruzika maji. Huanikwa chini wiki moja au mbili hadi lishike ngozi. Ukiwahi kuyasimamisha, yanakatikia mikononi. Ukichelewa, nyasi zinayashika na upande wa chini unabaki tope, maana kikaushacho kule ni upepo kuliko jua. Kisha padri akachomoa kuni moja. Bibi yako alidhani paa limeanguka!

Basi ni umoja? Karibu niseme ndiyo. Lakini scáth ni kivuli na ni kinga pia, na kule hakuna akimbiliaye kivuli kama sisi chini ya mwembe. Anayekukinga upepo ndiye huyo anayekuzibia jua. Tazama meitheal, ujima wao wa mavuno wa zamani: hawakulipana fedha, siku ililipwa kwa siku, na asiyekwenda kwa mwenzake majani ya ng'ombe wake yalinyeshewa kondeni. Hapo naona deni. Au nazidisha? Shangazi yako angesema nazidisha, kama kawaida yake.

Wao methali huiita seanfhocal, neno la kale. Mwaka 1937 hadi 1939 watoto wa shule walitumwa kuwauliza wazee wao wakaandika madaftarini. Kurasa za Galway, ndiko iliko Connemara yako, zimo kwenye intaneti, zitafute. Tena itafutie kazi iliyoizaa, muulize mama mwenye nyumba yako yeye husimamisha mapande mangapi.

Kuhusu kadi, sisemi kitu. Ila ukinibana sana, neno "nguvu" nisingeliandika.

Baba yako