Muulize Dada: Njaa na makaratasi Granada

Shikamoo dada. Nimekuja Granada, huku Hispania, kusoma masta ya mwaka mzima, wiki ya pili hii. Nikitoka darasani saa nane mchana maduka mengi yamefungwa, usiku wenzangu wa nyumba wanapika saa nne mi nishalala na njaa, halafu kila ofisi naambiwa niwe na miadi. Nimechoka jamani.

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Anza na makaratasi, chakula baadae. Visa yako ikizidi miezi 6 unatakiwa uombe ile kadi ya ukaazi ya wageni, TIE, ndani ya mwezi mmoja tangu uingie, unachukuliwa alama za vidole polisi, na miadi yake (wanaita cita previa) ni bure kabisa kwa hiyo mtu akikwambia ulipe akupatie usikubali, wewe fungua mtandaoni asubuhi asubuhi ujaribu kila siku, zinaisha haraka mno. Kajiandikishe na manispaa pia, empadronamiento, nenda na mkataba wa chumba.

Kuhusu njaa, Wahispania chakula kikubwa ni mchana, saa nane saa tisa hivi, we kula na wao ushibe, usiku kitu chepesi tu. Supamaketi kubwa hazifungi mchana ila Jumapili nyingi zinafungwa, nunua Jumamosi. Muhogo na ndizi za kupika tafuta kwenye maduka ya Walatino (watu wa Amerika ya Kilatini), waambie yuca na plátano macho. Na usiwe unalala mapema peke yako kila siku, kaa nao jikoni hata nusu saa, Kihispania ndo utakipatia hapo.