Kura yangu naipa Lucille Ball, kwa sababu ya marudio

Mliuliza wiki hii: ni mwigizaji gani wa vichekesho vya televisheni aliyeacha alama kubwa kuliko wote? Najua wengi watataja wa hapa nyumbani, na Mama Kayai wa Vitimbi sina ugomvi naye hata kidogo. Mimi namtaja Mmarekani, Lucille Ball, aliyefariki mwaka 1989. Tena simtaji kwa yale macho ya kutumbua wala kile kilio chake cha mtoto aliyenyang'anywa andazi. Namtaja kwa sababu ya marudio, yaani vipindi vya zamani kurushwa tena.

Alizaliwa mwaka 1911 huko Jamestown, jimbo la New York, na baba yake akafa yeye akiwa bado mtoto mdogo. Alipopelekwa shule ya maigizo mjini New York, walimu walimwona hafai. Akaenda Hollywood, akacheza katika filamu nyingi ambazo wengi wetu hatuna haja ya kuzitafuta. Alipokaribia miaka 40, wakubwa wa filamu walikuwa wameshampima na kumweka kwenye kundi la wa kawaida.

Redio ndiyo iliyomwokoa. Kuanzia 1948 aliigiza mke mwenye vituko katika kipindi cha CBS, kampuni kubwa ya utangazaji ya Marekani, na CBS wakataka jambo kama hilo kwenye televisheni. Akasema sawa, ila mume wa kwenye kipindi awe mume wake wa kweli, Desi Arnaz, kiongozi wa bendi kutoka Cuba. Wakubwa wakaguna. Watazamaji watamkubali vipi mwanamke mzungu aliyeolewa na mtu mwenye lafudhi ile? Mke na mume hawakukaa kubishana. Mwaka 1950 walifunga mizigo wakazunguka majukwaani wakiigiza pamoja, watu wakacheka, na hoja ya wakubwa ikaishia hapo.

Sasa tufike penyewe. Zama hizo vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na sehemu za mbali zilipata nakala zilizopigwa picha kutoka kwenye kioo cha televisheni, zenye ukungu. Lucy na Desi walitaka kubaki Hollywood, na Lucy alikuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza. Wakaamua kurekodi kwa filamu, kwa kamera tatu zikienda pamoja, watazamaji wakiwa wamekaa mbele yao. Gharama ikapanda, na CBS pamoja na mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, wakasita. Basi wawili hao wakakubali kukatwa dola 1,000 kwa wiki, kwa sharti kwamba filamu zibaki mali ya kampuni yao, Desilu. Walipewa bila vita. Nani angegombania kipindi ambacho kimeshaonyeshwa?

Kipindi chao, I Love Lucy, kilianza Oktoba 15, 1951. Kama hujaiona ile sehemu ya kiwanda cha chokoleti, itafute leo. Mkanda unaongeza kasi, wanawake wawili wanashindwa kufunga peremende, wanazibugia, wanazificha kifuani na kofiani. Watu hudhani Lucy alikuwa akibuni papo hapo. Wapi! Alikuwa mtu wa mazoezi mpaka wenzake wachoke, na namna ya kushika vifaa alifundishwa na gwiji wa filamu bubu, Buster Keaton.

Januari 19, 1953, Lucy wa kwenye kipindi alijifungua mtoto wa kiume, siku ileile Lucy mwenyewe alipojifungua wa kwake. Watu wapatao milioni 44 walitazama. Kesho yake Eisenhower aliapishwa kuwa rais, na hakufikia idadi hiyo. Kilichonivutia zaidi ni kwamba ili mama apate kupumzika, zilirushwa tena baadhi ya sehemu za zamani, na watu wakakaa kuzitazama upya. Kumbe filamu zile zilizopatikana kwa kukatwa mshahara zilikuwa hazina.

Hapo ndipo ninapokuna kichwa, maana baadaye waliiuzia CBS haki za marudio hayo. Fedha waliitumia kununua studio za RKO, kampuni ya filamu ya Hollywood, palepale Lucy alipokuwa mwigizaji wa mkataba miaka ya 1930. Ilikuwa biashara nzuri kwa wakati ule, lakini CBS ndio waliokula matunda ya I Love Lucy kwa miongo iliyofuata.

Ndoa ilivunjika 1960. Mwaka 1962 Lucy alinunua hisa za Desi, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya televisheni Marekani. Chini yake zilizaliwa tamthilia za televisheni Mission: Impossible na Star Trek, hii ya pili ikipita ingawa baadhi ya wakuu wake waliiona ghali mno. Mwaka 1967 aliuza kampuni kwa dola milioni 17.

Wapo watakaosema kichwa cha biashara kilikuwa cha Desi. Ni kweli kwa miaka ile ya mwanzo, na mpango wa kamera na filamu una alama zake nyingi. Lakini aliyesimama mbele ya CBS akasema bila mume wangu hampati kipindi alikuwa Lucy, na miaka mitano ya mwisho ya Desilu aliyekuwa akitia saini ni yeye. Kura yangu iandikeni kwa jina lake. Kama fomu yenu ina nafasi ya mtu wa pili, muwekeni Desi.