Kwa nini king'amuzi husubiri baada ya malipo kupokelewa

Swali: Nimelipia kifurushi cha mwezi na ujumbe wa simu umethibitisha malipo, lakini king'amuzi changu cha dishi bado kinaonyesha kwamba chaneli imefungwa. Fundi ameniambia nikiache kimewashwa kwenye chaneli hiyohiyo. Kinasubiri nini, ilhali hakijaunganishwa na intaneti? Na je, nikipata nakala ya kadi ya jirani aliyelipia, itafungua chaneli?

Jibu: Fundi wako amekushauri vyema. Kinachosubiriwa kinakuja kupitia dishi lilelile. Malipo yako yanapoingia, mtambo wa kampuni huandaa ujumbe mfupi wenye namba ya kadi yako na haki ulizonunua, huufunga kwa siri ambayo kadi yako inaijua, kisha huurusha angani ukiwa umechanganyika na picha za chaneli. Kwa kuwa dishi hupokea tu na haliwezi kujibu, mtambo haujui kama ujumbe umekufikia, hivyo huurudia mara kwa mara katika foleni moja na jumbe za wateja wengine. King'amuzi kilichochomolewa kwenye umeme huukosa. Aidha, si lazima jumbe hizo zipite katika kila masafa ya setilaiti, ndiyo maana ni salama zaidi kubaki kwenye chaneli uliyolipia.

Haki hiyo ikishaingia kwenye kadi, haifungui picha moja kwa moja. Katika mfumo wa DVB, yaani viwango vya kurusha televisheni ya kidijitali, ulioanzia Ulaya na unaotumika pia Afrika Mashariki, picha na sauti hugawanywa katika pakiti za baiti 188. Baiti 4 za mwanzo huachwa wazi ili king'amuzi kitambue pakiti ni ya nini, na zinazobaki huvurugwa kwa kanuni ya kihisabati iliyokubaliwa mwaka 1994. Ufunguo wake, yaani namba ya siri ya kurudisha pakiti katika hali yake, una biti 64, yaani tarakimu za 0 na 1 (zenye kazi hasa ni 48, kwani nyingine ni za kuhakiki tu), nao hubadilishwa kila baada ya sekunde 10 hivi. Ufunguo huo husafiri pamoja na picha ukiwa umefungwa. Kadi huufungua endapo tu haki yako ipo, kisha huukabidhi kwa king'amuzi.

Mifumo ya analojia haikuwa na nguvu hiyo. Videocrypt, iliyotumiwa na kampuni ya televisheni ya Sky nchini Uingereza, ilikata kila mstari wa picha katika sehemu moja kati ya 256 na kubadilishanisha vipande vyake. Tatizo ni kwamba mistari inayofuatana katika picha hufanana, kwa hiyo programu ya kompyuta iliweza kukisia mahali palipokatwa kwa kuilinganisha tu, bila kadi wala ufunguo. Hata biti 48 zimeonekana kuwa chache: mwaka 2011 watafiti nchini Ujerumani walionyesha kwamba, kwa majedwali yaliyoandaliwa mapema, kompyuta ya kawaida yaweza kuupata ufunguo katika sekunde chache. Kanuni mpya zaidi hutumia biti 128.

Kuhusu nakala ya kadi, siri zake zimo ndani ya chipu iliyotengenezwa ili isisomeke kutoka nje, na kuinakili ni kazi ngumu mno. Wezi wa matangazo, kwa maoni yangu, walipata njia rahisi zaidi: kadi moja iliyolipiwa hufungua ufunguo, na kompyuta huusambaza kwa ving'amuzi vingi kupitia intaneti kabla ya zile sekunde 10 kwisha. Ili kuziba mwanya huo, kampuni nyingi huoanisha kadi na king'amuzi kimoja, yaani kadi huufunga tena ufunguo kwa siri inayojulikana na chipu ya king'amuzi hicho peke yake. Kwa hiyo usishangae kadi yako mwenyewe, tena iliyolipiwa, ikikataa kufanya kazi ukiihamishia kwenye king'amuzi cha ndugu yako. Itabidi uiombe kampuni iioanishe upya.