Omba memori kabla hujashika kufuli

Draiva yangu ya kwanza ya Linux (programu ya kuendesha kifaa) ilikuwa inaangusha mashine kila baada ya siku mbili tatu, bila saa maalumu. Nikafanya kile tunachofanya wote: nikamwaga printk, amri ya kuchapisha ujumbe kutoka kerneli (kiini cha Linux), kila mahali. Hitilafu ikatoweka wiki nzima! Kuchapisha kunachelewesha uzi (mfululizo mmoja wa kazi) kidogo, na ucheleweshaji huo ulitosha kuificha.

Kilichoniokoa ni slub_debug, chombo cha kerneli cha kunasa makosa ya memori. Ukiiwasha na alama ya P, memori iliyoachiliwa hujazwa baiti 0x6b. Kwa hiyo ukikuta 6b6b6b6b kwenye rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa), jua kuna anayesoma memori iliyokwisha kurudishwa. Kwangu alikuwa intarapti, ishara inayokatiza kazi inayoendelea: nilikuwa naita kfree (kurudisha memori) kwanza, halafu ndipo nafuta pointa (anwani ya memori hiyo), naye akaingia katikati.

Upande wa kuomba nao ulikuwa mbovu. Nilikagua kama pointa ni tupu, nikaita kmalloc (kuomba memori) kwa GFP_KERNEL, nikahifadhi jibu. GFP_KERNEL, namna ya kawaida ya kuomba, inaruhusu kulala, yaani kusubiri memori ipatikane. Uzi wa kwanza ukilala, wa pili unapita, unaikuta pointa bado tupu, unaomba memori yake. Mmoja anaandika juu ya mwenzake na kipande kimoja kinabaki bila mwenyewe.

Nikazungushia spinlock, kufuli ambalo huruhusiwi kulala ukiwa umelishika, kerneli ikanifokea: “sleeping function called from invalid context”. Nilistahili. Mutex, kufuli linaloruhusu kulala, isingefaa kwa sababu ya ile intarapti, ambayo hairuhusiwi kulala. Wengine hapo hukimbilia GFP_ATOMIC, namna ya kuomba memori bila kulala. Kosa halijitokezi tena, lakini umegusa akiba ya dharura, na memori ikibana ombi lako hurudi mikono mitupu mapema. Mimi siipendi.

Ninachofanya sasa: naomba memori nikiwa nje, nashika kufuli kwa spin_lock_irqsave (spinlock inayozuia pia intarapti kwenye prosesa hiyo), nakagua pointa upya. Nikikuta nimetanguliwa, naachia kufuli na kurudisha kipande changu. Wakati wa kufunga, naihamisha pointa kwenye kigeu cha pembeni na kuifuta ndani ya kufuli, kfree inafuata nje.

Ukiona aibu, kumbuka Dirty COW, tundu la usalama la Linux. Kosa hilo la kugombea kurasa za memori lilikuwa wazi tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007, likazibwa 2016. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliandika kwenye kiraka kwamba alishajaribu kulirekebisha miaka kumi na mmoja nyuma, vibaya.

Na zile printk? Nilizifuta zote.